Na Vyake Vyote

Ratili alilipima paja la swala mara tatu, na mara zote tatu mzani ukamwambia jambo lisilowezekana. Siku nne nyuma, alipolitundika, lilikuwa na kilo tisa kamili. Sasa lilikuwa na kilo tisa na gramu mia sita.

Mtu asiyeijua kazi hii angefurahi. Ratili hakufurahi. Nyama ya porini ikitundikwa kwenye baridi hukauka kwa nje na kulainika kwa ndani, na kila siku inayopita hupungua kidogo. Kila muuza nyama anajua kwamba atakachotoa kitakuwa pungufu ya alichotia. Haijapata kusikika nyama ikatundikwa ikanenepa. Aliufuta mzani, akaurudisha mshale kwenye sifuri, akapima jiwe la kilo moja alilolitumia kuuhakiki kila asubuhi. Jiwe lilikuwa kilo moja. Akalitundika paja tena, na jibu likawa lile lile.

Jina lake halisi watu walishalisahau. Walimwita Ratili kwa sababu katika miaka kumi na miwili ya kuuza nyama hakuwahi kumpunja mtu hata mfupa, na akikosea kwa gramu ishirini alikuwa radhi kumkimbilia mteja barabarani, kipande mkononi, aproni ikipepea. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama mume wake atawasaidia malaika kupima matendo, na hatakosa kuwakosoa.

"Imefika ngapi?" sauti ikauliza nyuma yake.

Ndivyo wateja wote wanavyouliza. "Tisa na mia sita," akajibu bila kugeuka, kisha akageuka. Duka lilikuwa halijafunguliwa. Komeo la mlango wa mbele lilikuwa mahali pake. Nyuma yake palikuwa na jokofu tu, likinguruma taratibu.

Akajiambia ni masikio. Na kwa kuwa dhamiri yake ilikataa kumtoza mtu uzito ambao hakujua ulitoka wapi, mteja wa kwanza wa siku ile alikatiwa gramu mia sita za nyongeza, bure. Mama yule alishukuru mpaka akachoka.

Jokofu lenyewe lilikuwa zawadi ya kaka yake. Lilikuwa la biashara, refu kumpita mtu, milango miwili ya kioo, la aina ile ya kuwekea soda. Kaka alilileta kwa lori miezi miwili baada ya kumzika binti yake mkubwa. Mtoto yule alikonda mpaka akaisha, na madaktari hawakupata jina la ugonjwa. Ratili alikuwepo kwenye maziko, alimshika kaka yake bega, alilia naye. Kwa hiyo jokofu lilipofika hakuuliza mengi. Mkono wenye msiba ukikupa kitu, unapokea.

"Lilikuwa la soda tu," kaka alisema siku ile. "Mimi duka nimefunga, na wewe ndiye unayehangaika nyama ikiharibika. Toa rafu, tia chuma, tundika swala wako."

"Kaka, hiki si kitu kidogo."

"Ndugu hawapimiani, mdogo wangu. Ila lipokee kwa mikono miwili. Sema umepokea."

"Nimepokea."

"Na vyake vyote. Malizia. Baba ndivyo alivyotufundisha."

Ratili alicheka, kwa sababu vyake vyote vilikuwa rafu nne za waya na kizibo kimoja cha soda. "Haya. Nimepokea, na vyake vyote."

Kaka yake akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Aliondoka bila kugusa chai aliyowekewa, na mke wa Ratili aliyeipika akanuna siku nzima. Ratili alikuja kukumbuka baadaye sana kwamba baba yao, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwafundisha maneno kama hayo.

Kulibadilisha jokofu kulichukua siku tatu. Fundi wa majokofu, mtu mwenye maneno mengi kuliko bisibisi, alimweleza kwamba kuta zake ni bati na povu tu, haziwezi kubeba swala. Kwa hiyo akachomelea fremu ya chuma yenye miguu yake minne, ikasimama ndani kama kitanda kilichosimamishwa, na bomba la chuma likapita juu kwa ajili ya ndoano. Akang'oa taa, akaweka feni ndogo ya kuzungusha hewa, akatoboa tundu la maji chini, akarekebisha kipimo ili baridi isifike kugandisha. Kazi nzuri. Siku ya mwisho ndipo alipoita.

"Bosi, hebu njoo. Nani aliwahi kulibadilisha hili?"

"Hakuna. Lilikuwa la soda."

Fundi akakwaruza rangi nyeupe kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na lipu, na chini ya lipu kulikuwa na tundu la bolti. Akakwaruza pengine. Matundu yalikuwa manne, mawili kila upande, pale pale ambapo mtu mwenye akili angefunga bomba la kutundikia.

"La soda," fundi alisema. "Hiyo soda ilikuwa na miguu minne."

Ratili alicheka naye. Alimjua kaka yake tangu tumboni, kama wasemavyo, na wanasema pia damu ni nzito kuliko maji. Ajabu ni kwamba yeye, mtu wa kupima kila kitu, damu hakuwahi kuipima.

Nyama yenyewe ililetwa na Kimya. Huyu alikuwa mwindaji mwenye kibali, rafiki wa miaka mingi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotembea bila kukanyaga jani. Miaka saba nyuma, siku ya mvua kubwa, barabara zikiwa zimekatika, Kimya ndiye aliyembeba mke wa Ratili mgongoni mpaka hospitali, uchungu ukiwa umeshika. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa wa kike, na kwa vile alivyoanza kuamrisha watu kabla hajaota meno, nyumba nzima ilimwita Shangazi.

Shangazi na baba yake walikuwa na desturi. Kila Jumamosi alipanda kwenye mzani wa kusimamia, ule wa magunia, akasimama wima kama askari, akauliza, "Imefika ngapi?" Baba akasoma mshale, akaandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango. Wiki lilipoingia jokofu aliandika 23.4.

Jumamosi iliyofuata, ile baada ya paja lililonenepa, aliandika 22.8.

"Umeanza kunikimbia," akamtania. "Kula, mama."

"Nakula. Mwambie mama atie mchuzi mwingi," Shangazi akaamrisha, na mambo yakaishia hapo.

Kimya akaleta swala mwingine. Mbavu zilitundikwa Jumatatu, zikatolewa Ijumaa, zikiwa zimeongezeka gramu mia tisa. Safari hii Ratili hakuzipima mara tatu. Alisimama mbele ya milango ya kioo akisikiliza. Jokofu linanguruma, sawa, lakini ndani ya mngurumo ule kulikuwa na pumzi, ndefu, ikivutwa kwa ndani tu, kama ya mtu anayenyonya kitu kwenye mrija na hataki kuacha. Alipofungua mlango hakupata harufu ya damu wala ya baridi. Alipata harufu ya kichwa cha mtoto aliyetoka kucheza juani, jasho kidogo na mafuta ya nywele.

Akafunga. Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Ratili ataanzaje kusema kwamba mzani umemshinda?

Mkewe ndiye aliyesema kwanza. "Baba Shangazi, nimelipunguza gauni la mtoto mara mbili. Mara mbili, wiki mbili."

Walimpeleka hospitali. Walitoa damu, walitoa dawa ya minyoo, walimpima kifua. Hakuna kitu. Daktari alisema watoto hukua kwa kurefuka, wakawa wembamba. Mke wa Ratili alimtazama yule daktari kwa macho ambayo Ratili hakuwahi kuyaona, kwa sababu maneno yale aliwahi kuyasikia. Ndiyo aliyoambiwa shemeji yake, mke wa kaka, kabla hawajanunua sanda.

Jumamosi ya nne umeme ulikatika mchana. Mtaa mzima ukanyamaza, redio za majirani, mashine ya kusaga ya pembeni, feni ya kinyozi, vyote. Ratili alikuwa ametoka kumpima Shangazi, chaki bado iko mkononi, naye mtoto amekwenda kulala, yeye ambaye hajawahi kulala mchana tangu aachishwe ziwa. Alikuwa ameandika 20.8. Na katika kimya kile akasikia jokofu likinguruma.

Akaenda dukani, akachomoa waya ukutani, akaushika mkononi akiutazama, na jokofu likaendelea kunguruma, na akiwa bado ameushika ule waya akayasoma maandishi ya chaki kwenye fremu ya mlango kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma na si kama mtu anayeandika, ishirini na tatu na nne, ishirini na mbili na nane, ishirini na moja na tisa, ishirini na mia nane, akatoa moja kwa nyingine, mia sita, mia tisa, kilo moja na mia moja, na mbili za kwanza alizijua, alishazipima, alishazikata, alishazifunga kwenye karatasi na kuwauzia watu, na ile mia sita ya kwanza aliigawa bure akashukuriwa, na ya tatu ilikuwa imetundikwa mle ndani bado haijapimwa. Akafungua mlango, akaliwekea kiganja bega la swala lililotundikwa. Lilikuwa la moto. Chini ya kiganja chake, ndani ya nyama ya mnyama aliyekufa siku tano nyuma, kitu kilikuwa kinadunda haraka haraka, kama moyo wa mtoto anapoota ndoto mbaya.

"Imefika ngapi?" sauti ikauliza, karibu kabisa na sikio, kwa upole wa mteja aliyezoeleka.

Hakulipima. Alilitoa, akalizika nyuma ya nyumba, na ndoano zikabaki tupu. Alipomaliza alikaa chini kwenye sakafu ya duka, akalia mpaka mkewe akamkuta.

Aliyewasaidia alikuwa mshonaji. Mwanamke mfupi, mwenye duka la cherehani mbili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na majini aliyatibu kati ya mteja na mteja. Aliwasikiliza bila kuacha kushona upindo.

"Aliyekupa alikwambia useme nini?" akauliza.

Ratili akamwambia. Cherehani ikasimama.

"Na ukasema?"

"Nikasema. Alisema baba yetu..."

"Sikiliza, baba. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikujui, umeletewa. Halili nyama, linahamisha. Linatoa kwenye damu ya aliyepokea, linatia kwenye kile kinachoning'inia, mpaka upande mmoja uishe. Usihangaike na ubani wala kelele. Liliingia kwa mdomo, litatoka kwa mdomo. Aliyekupa alipokee mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa maneno yale yale. Yasipungue."

"Akikataa?"

Mshonaji akavuta futi shingoni. "Basi utatafuta mwingine wa kumpa, kama yeye alivyofanya. Hiyo sasa ni baina yako na Mungu wako. Na kwa ndugu yako siendi. Mimi siingii katikati ya ndugu."

Ratili alitarajia kaka asipokee simu. Alipokea, na Jumatatu asubuhi akaja na lori na wapagazi wawili. Alikuwa amenawiri. Ratili alilitambua hilo kabla ya salamu, na lilimuuma.

Walisimama nyuma ya duka, wakaongea kwa sauti ya chini, maana mtoto alikuwa amelala chumbani, dirisha likiwa juu yao.

"Ulijua?"

Kaka yake alitazama viatu vyake. "Nilijua."

"Matundu uliyaziba wewe."

"Mimi."

"Shangazi unamjua. Umembeba. Anakuita baba mkubwa."

"Nilikuwa nimebaki na mmoja," kaka alisema. "Alianza naye kukonda. Nilikuwa nimebaki na mmoja tu, mdogo wangu. Ningempa nani? Mtu baki asingekubali kusema yale maneno. Ni wewe tu ambaye hungeuliza."

Ratili alitaka kumpiga. Mkono aliunyanyua kabisa. Kilichomuumiza hakikuwa ujanja wa kaka yake. Kilichomuumiza ni kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyotumika kama ufunguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ile nguo aliivaa kwa kujivunia.

"Lipokee," akasema. "Kama nilivyolipokea."

Wapagazi walikuwa wameshatoa ile fremu na ndoano ili jokofu lipite mlangoni, vikaachwa ukutani. Dereva akawasha injini. Kaka akaliendea jokofu, akaweka mikono miwili juu ya bati, kichwa kikamwinamia, mabega yakaanza kutikisika.

"Nimepokea," akasema, na kilio kikamshika. Ratili, mjinga wa moyo mwema, akamkumbatia. Walilia pamoja kama siku ya maziko. Lori likaondoka.

Wiki ile nyumba ilitulia. Hakuna mngurumo, hakuna sauti. Mkewe aliimba jikoni. Jumamosi Shangazi akapanda mzani, akajitahidi kusimama wima, akauliza, "Imefika ngapi?"

Ishirini na mia nne.

Ratili hakuandika. Alitazama ukutani, mahali alipotundika ndoano moja ya zile za jokofu kwenye msumari. Nyingine alikuwa amemrudishia fundi pamoja na fremu. Akaichukua. Kila ndoano ilikuwa na nusu kilo, alizipima mwenyewe siku zilipokuja. Akaitundika kwenye mzani mdogo. Mshale ukaenda mpaka gramu mia tisa, ukatulia.

Akasimama pale muda mrefu, akiisikia sauti ya kaka yake katikati ya injini ya lori. Nimepokea. Akangoja neno linalofuata. Hapakuwa na neno linalofuata. Alipokea jokofu, bati na povu. Vyake hakuvipokea.

Akapiga simu. Iliita, ikapokelewa. Upande wa pili mtoto wa kiume alikuwa akidai aongezwe chakula.

"Kaka," Ratili alisema. "Yale maneno uliyamaliza?"

"Nisamehe, mdogo wangu," kaka yake akasema, na simu ikakatwa. Haikupatikana tena.

Jumanne Kimya alifika na swala begani, uso unang'aa. Alimtua mnyama mezani, akaosha mikono, akashindwa kungoja kuulizwa.

"Mke wangu kajifungua jana. Wa kike. Nimekuletea na uzito wake kabisa, maana nakujua. Kilo tatu na mia mbili."

"Hongera, ndugu yangu," Ratili alisema.

"Tutakuja Shangazi ambebe. Yuko wapi mkubwa wa nyumba?"

Ratili aligeuka. Kupitia mlango wa nyuma alimwona binti yake amekaa kwenye ngazi, viwiko vimetokeza, mbele yake sahani imejaa. Hakuwa anamwamrisha mtu yeyote. Inzi alitua mkononi mwake na hakumfukuza.

"Na friji umetoa," Kimya alikuwa akisema, akitazama huku na huku. "Hii ndoano je? Huitumii? Nipe nikatundike kapu la chakula nyumbani. Panya wanatumaliza, na sasa kuna mtoto."

Ratili aliitazama ndoano, akamtazama mtu aliyembeba mkewe kwenye mvua, akatazama tena ngazi. Alitaka sana wakati ule kuwa mtu mwingine, asiye na mtoto, au asiye na rafiki.

"Chukua," akasema. Sauti yake ilitoka vizuri, hata yeye ilimshangaza. "Ila ipokee kwa mikono miwili. Sema umepokea."

Kimya akacheka, akaipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, mzee."

"Na vyake vyote. Malizia. Baba yangu ndivyo alivyotufundisha."

"Ndoano ina nini zaidi ya ncha?" Kimya akasema. "Haya. Nimepokea, na vyake vyote." Akaipima kwa kiganja, akakunja uso kidogo. "Nzito, kumbe."

Jioni ile Shangazi aliomba chakula mara mbili, na mara ya pili akamwelekeza mama yake namna ya kupakua. Mkewe alikwenda kulilia chumbani kwa furaha. Ratili alibaki mezani, akamwongezea mtoto mchuzi.

Jumamosi mtoto alipanda mzani mwenyewe, hakungoja kuitwa. Chaki ilikuwa mahali pake. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akitazama barabara, upande ule ambao Kimya huwa anatokea.

"Baba," akaita. "Imefika ngapi?"

"Inatosha, mama," Ratili alisema bila kugeuka. "Shuka."